Siku moja ya mapumziko Bangkok: mambo ya kumwambia mwongozaji kabla gari halijaondoka

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda Bangkok kufunga mzigo kwa mara ya kwanza, swali mnaloniuliza sana ni la ile siku moja inayobaki baada ya mzigo kufika kwa watu wa kago na kabla ya ndege. Mtu aifanyeje? Jibu langu halijabadilika: msilale hotelini. Changeni wawili, watatu au wanne, mchukue gari na mwongoza watalii wa kwenu peke yenu, mkaone mahekalu, mle chakula cha watu wa pale, mtembee masoko yasiyouza magauni ya jumla. Nimefanya hivyo karibu kila safari kwa miaka mingi. Siku zilizonipendeza na siku zilizoniuma, nikizitazama sasa, zote ziliamuliwa asubuhi kabla gari halijaondoka, kwa yale niliyomwambia mwongozaji na yale niliyosahau kumwambia.

Tuanze na mwongozaji mwenyewe. Kwa sheria ya Thailand, kuongoza watalii ni kazi ya raia wa Thailand tu, tena mwenye leseni. Kadi yake ina picha na namba, na kwa kawaida anaivaa shingoni. Kuna ndugu zetu wanaoishi kule watakaokwambia, "Nipe mimi hiyo hela, nitakuzungusha." Nawapenda, wamenisaidia mengi sokoni, lakini kwa kazi hii msiwaponze wao wala msijiponze nyie. Safari yangu ya pili nilikwenda na mmoja wao. Tulipofika kwenye Kasri Kuu, lile jumba la wafalme, askari wakamuuliza kadi, hana, ikabidi akae nje kwenye jua. Sisi tukaingia, tukazunguka saa mbili nzima tukitazama dhahabu na michoro bila kujua hata kimoja tunachokitazama. Kama ni rafiki, aje kama rafiki, akae kwenye gari na nyie. Anayeongoza awe na kadi.

Matembezi ya binafsi kwa kawaida hulipiwa kwa gari na kwa mwongozaji, si kwa kichwa. Ndiyo maana mkiwa wanne inakuwa nafuu kuliko mnavyodhani. Lakini ulizeni kwa maandishi bei hiyo imebeba nini: mafuta, ushuru wa barabara za juu, maegesho, saa ngapi za kazi, na saa ya ziada ni kiasi gani. Viingilio mara nyingi havimo. Safari yangu ya mwisho Kasri Kuu lilikuwa baht 500 kwa mgeni, Wat Pho 300, Wat Arun 200 (wat ni hekalu). Hiyo ni elfu moja kwa kila mtu kabla hamjanunua hata maji. Nimeshaona watu wazima wakigombana getini kwa sababu kila mmoja aliamini imeshalipwa. Na bebeni noti za 20, 50 na 100. Muuza maembe hana chenji ya elfu.

Kwenye ujumbe huohuo ongezeni sentensi moja: hatutaki kusimamishwa dukani. Hakuna duka la vito, hakuna fundi suti, hakuna ghala la asali. Mwongozaji mwenye heshima zake hataudhika, atawashukuru kwa kumwondolea mashaka. Msipoisema, saa mbili za siku yenu zinaweza kwenda kwenye kiyoyozi cha duka ambalo dereva analipwa kamisheni kwa kuwafikisha tu.

Hili la vito lina mizizi mirefu pale mjini. Ukitembea peke yako karibu na ukuta wa Kasri, atakuja mtu nadhifu, Kiingereza chake kizuri, akwambie leo pamefungwa, kuna ibada, lakini kuna hekalu jingine zuri na bajaji ya baht 20 tu itakupeleka. Kwa kawaida huo ni uongo, pamefunguliwa. Bajaji hiyo, wenyewe wanaiita tuk-tuk, itakufikisha dukani, na dukani utaambiwa leo ndiyo siku ya mwisho ya punguzo la serikali. Dada mmoja wa Arusha niliyesafiri naye, mtu wa madini tangu ujana wake, alifikishwa hapo akawekewa mezani tanzanaiti. Jiwe ambalo duniani kote linachimbwa Mirerani tu, si mbali na kwao! Alilishika, akaligeuza kwenye mwanga, akalirudisha kimya, akatoka. Wewe usiyejua mawe utaweza kulirudisha? Usiende. Geti la Kasri linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na tiketi zinauzwa mpaka saa tisa na nusu alasiri. Nenda ukalione geti kwa macho yako.

Sasa njia. Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa kutaka kila kitu. Niliandika kwenye karatasi: soko la relini, soko la majini, Ayutthaya, Wat Arun jioni. Yule mama aliyekuwa akituongoza aliitazama ile karatasi, akatabasamu, akasema inawezekana. Mimi sikujua bado kwamba kule mtu anaweza kutabasamu kwa sababu hataki kukuvunja moyo. Maeklong, penye soko la relini, na Damnoen Saduak, penye soko la majini, ziko kusini magharibi, mwendo wa karibu kilomita mia. Ayutthaya iko kaskazini, kilomita themanini hivi. Tulikaa ndani ya gari kutwa. Ayutthaya, mji mkuu wa zamani ulioanzishwa karne ya 14 na kuteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, niliuona kwa nusu saa jua likizama, nikiwa nimechoka kiasi kwamba kile kichwa cha Buddha kilichomezwa na mizizi ya mti pale Wat Mahathat nilikipita bila kusimama. Mpaka leo naumia nikikumbuka. Kwa hiyo chagueni moja: ama siku ya mahekalu ya mjini, ama siku ya masoko ya kusini, ama Ayutthaya peke yake. Na msimuulize mwongozaji "inawezekana?" Muulizeni, "Ungekuwa unampeleka mama yako, ungeondoa kipi?" Hapo utapata ukweli.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza nachagua mjini, kwa sababu vitu viko karibu na foleni ya Bangkok haiwezi kuwameza. Mtoke alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi muwe Pak Khlong Talat, soko la maua, ambalo halilali usiku wala mchana. Hapo ndipo nilipopata kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote. Wanawake wamekaa chini wanatunga mashada ya asumini kwa sindano ndefu, wanayaita phuang malai, ua baada ya ua, meupe, yamebanana kama shanga, na mwishoni wanafungia waridi jekundu. Mwenzangu mmoja wa Tanga aliposikia harufu alisimama. Akasema, "Hii ni harufu ya harusi ya kwetu." Mwongozaji wetu alinunua shada moja, baht 20 tu, akanipa nimshikie. Nikalipeleka puani kama ambavyo yeyote wa pwani angefanya. Akanizuia mkono taratibu: shada hilo ni la kutoa hekaluni, na la kutoa hainuswi kwanza. Akaninunulia jingine la kwangu, nikanusa mpaka mchana. Jambo kama hilo huwezi kulisoma popote, lazima uwe na mtu kando yako.

Nguo. Kasri Kuu hawana mjadala: magoti na mabega yafunikwe, nguo isiyobana sana wala kuonyesha mwili. Kanga kiunoni juu ya kaptura inakubalika, nimeshawavusha watu wawili hivyo. Lakini mtandio juu ya mabega wazi hapo wanaukataa, kwa hiyo blauzi iwe na mikono yake. Viatu viwe vya kuvuliwa haraka, maana mtavivua mara nyingi. Na chukueni maji. Mwezi wa nne joto la pale linakaribia 40, na si joto la Dar lenye upepo wa bahari.

Ndani ya Kasri ndipo lilipo Wat Phra Kaew, hekalu la Buddha wa Zumaridi. Watu wengi wanavunjika moyo wakimwona: sanamu ya sentimita 66 tu, iko juu kabisa, huruhusiwi kupiga picha. Mwombeni mwongozaji awaeleze mavazi yake kabla hamjaingia. Sanamu ile ina mavazi matatu ya dhahabu, la kiangazi, la mvua na la baridi, na mfalme ndiye anayebadilisha msimu ukigeuka. Ukijua hilo unatazama kwa jicho jingine. Wat Pho iko jirani, na Buddha aliyelala wa mita 46 hahitaji maelezo, ila zungukeni mpaka kwenye nyayo mwone kazi ya magamba ya chaza yaliyopachikwa, alama 108. Kutoka hapo kuna kivuko cha Tha Tien cha baht chache kuvuka mto Chao Phraya hadi Wat Arun, mnara uliopambwa kwa vipande vya vyombo vya udongo vya Kichina. Ukisogea unaona kwamba yale maua ukutani ni sahani zilizovunjika.

Lakini kama mna nguvu ya hekalu moja tu la ziada, ombeni Wat Traimit, mlangoni mwa mtaa wa Wachina. Hapo kuna sanamu ya dhahabu ya tani tano na nusu. Kwa miaka mingi watu waliiona ni sanamu ya plasta tu, haina thamani. Mwaka 1955 walipokuwa wakiihamishia kwenye jengo jipya ikawaponyoka, plasta ikapasuka, ndani dhahabu ikang'aa. Inaaminika walioishi zamani waliipaka ili adui asiijue. Mimi nimekaa mbele yake mara nne. Mwongozaji mzuri utamjua hapa: haharakishi, anakuacha ukae.

Nimeulizwa na Waislamu na Wakristo wenzangu kama kuingia ni dhambi. Siwezi kuwa shehe wala mchungaji wa mtu. Ninachokijua ni kwamba hakuna atakayekulazimisha kuinama wala kuwasha udi. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mtatazama tu, atawaweka sehemu ya pembeni. Adabu ndiyo wanayoidai, na adabu yao haiko mbali na yetu. Ukikaa, kunja miguu nyuma, nyayo zisielekee sanamu wala mtu. Ruka kizingiti, usikikanyage. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto unayemwona mzuri. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Mbele ya sanamu usigeuze mgongo ukajipiga picha za madaha. Pale Ayutthaya, kwa kile kichwa kilichomo kwenye mizizi, watu huchuchumaa wakipiga picha ili vichwa vyao visiwe juu yake.

Kuhusu mfalme, sina maneno mengi: msimzungumze. Sheria yao inafika kifungo cha miaka 15 kwa kosa moja. Noti ikianguka na upepo ukaichukua, usiizuie kwa mguu, ina sura yake. Wimbo wa taifa ukipigwa, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, simama kama wanavyosimama.

Tuje kwenye chakula, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kunyamaza kuliponigharimu. Kule nguruwe ni kama kwetu ng'ombe, yumo ndani ya vitu usivyovidhania. Tambi zina samaki juu, lakini supu imechemshwa kwa mifupa ya kitimoto. Mboga imekaangwa kwa mafuta yake. Niliwahi kumpeleka mama mmoja wa Kiislamu, mtu mzima wa kumheshimu, kibandani kwa tambi za kuku, na tulipokuwa tumefika nusu bakuli ndipo mwongozaji akauliza kama hatujali supu. Yule mama aliweka kijiko chini na hakusema neno siku nzima. Sikuwa nimemwambia mwongozaji. Lilikuwa jukumu langu. Tangu siku hiyo naandika usiku wa kuamkia safari: nani hali nguruwe, nani hali kabisa kisichochinjwa kihalali, nani karanga zinamdhuru, nani hawezi pilipili. Wala "hatuli nguruwe" na "tunakula halali" si ombi moja, mtofautishie.

Ukisema halali, atakupeleka kwingine kabisa, na huko ni kuzuri. Kuna mtaa wa msikiti wa Haroon, Bang Rak, karibu na Charoen Krung, na kuna Sukhumvit Soi 3 penye migahawa ya Waarabu. Tafuteni alama ya umbo la almasi yenye neno halali kwa Kiarabu. Agizeni khao mok gai, wali wa manjano wenye kuku ndani. Mtu wa Mombasa au Unguja ataonja na kusema hii ni biriani iliyosafiri, na hatakuwa amekosea. Agizeni massaman, mchuzi mzito wa viazi, karanga na tui. Kwa vibandani, maneno mawili: "mai sai mu", usiweke nguruwe, na "mai phet", bila pilipili. Mwanamke amalizie na "kha", mwanamume "khrap". Bila hilo unasikika kama unaamrisha.

Som tam, saladi ya papai bichi, hutwangwa kwenye kinu mbele yako, kwa hiyo simama na uongee kabla ya mchi kuanza. Wali wa kunata na embe, umemwagiwa tui lenye chumvi kidogo, huo kuleni wote.

Kama mmechagua siku ya masoko ya kusini, ondokeni saa kumi na mbili na nusu. Maeklong ni soko lililotandazwa juu ya reli inayofanya kazi, na treni hupita mara nane kwa siku. Wenyeji wanaliita Talat Rom Hup, soko la kufunga miavuli. Honi ikilia wauzaji wanavuta maturubai, meza za magurudumu zinarudi nyuma, vikapu vifupi vya mboga vinabaki palepale na behewa linapita juu yake. Simameni pale mwongozaji anapowaonyesha, msisogee hata kwa picha. Damnoen Saduak ni mfereji uliochimbwa karne ya 19, na biashara yake ni ya asubuhi. Kabla ya kupanda boti ulizeni: bei ni kwa boti au kwa mtu? Na gati hili liko sokoni penyewe au mbali? Kuna magati ya njiani yenye bei ya kuumiza, na dereva asiyeambiwa chochote huishia hapo.

Kwenye mfereji huo nilimwona bibi ndani ya mtumbwi ana jiko la mkaa na chuma chenye mashimo ya duara. Anamimina uji wa mchele na tui, anafunika kwa vifuniko vidogo vya udongo, anafunua. Sote kwenye boti tulitamka neno moja: vitumbua! Vyao wanaviita khanom krok. Havigeuzwi kama vyetu. Chini pamekauka, katikati bado laini kama uji wa nazi, juu amenyunyiza majani ya kitunguu, kisha viwili vinabanwa pamoja. Bibi aliona tunavyovitazama, akatuonyesha kwa mkono namna ya kuvibandua kwa kijiko bila kuvivunja. Nilimwambia mwongozaji amweleze kwamba mama yangu anauza vitu hivihivi Temeke. Alipotafsiriwa alicheka akaniongezea viwili.

Sokoni, sauti ya Kariakoo iacheni nyumbani. Kule kupaza sauti ni hasira, na mwenye hasira haheshimiki. Wana neno, jai yen, moyo wa baridi. Sema "tao rai", bei gani, atakuandikia kwenye kikokotoo, nawe andika yako, tabasamu. Na mwiteni mwongozaji wenu "Pi" mbele ya jina lake, maana yake dada au kaka mkubwa. Mdogo ni "Nong", bibi yule wa mtumbwini ni "Pa", mzee dereva ni "Lung". Nilipoacha kuita watu kwa majina matupu niliona nyuso zinavyofunguka.

Jambo la mwisho la kumwandikia ni saa, na liandikeni kwa tarakimu za saa 24: 06:00, 20:00. Mswahili akisema saa mbili na mgeni akisikia mbili, gari linakuja wakati mmeshaondoka. Lakini jioni moja Yaowarat, kwenye mtaa wa Wachina, taa nyekundu zimewaka na moshi wa majiko umejaa barabarani, nilikuwa napanga na Pi wangu atufuate saa ngapi. Nikamwonyesha vidole viwili kwa mazoea, nikajutia papo hapo. Yeye akasema, "Song thum." Song ni mbili. Akanihesabia: saa moja ya usiku wao wanaita nueng thum, moja, kisha song, mbili, kisha sam, tatu. Saa za usiku, mpaka saa tano, wanazihesabu kama sisi! Nikamfundisha na yeye yetu. Tukakubaliana saa mbili usiku, kila mtu kwa lugha yake, na saa mbili kamili gari lilikuwa pale mbele ya Wat Traimit.